Sanduku Lenye Nyuzi Nne

"Shuka lilikuwa la nani?" Dionis aliuliza kwa mara ya tatu. "Nijibu hilo tu, Mama Yustina. Shuka lilikuwa la nani?"

"Langu," alisema Romana bila kugeuka, akiendelea kupuliza moto. "Na mdomo ulikuwa wa nani? Watu wamekubebea besi hatua thelathini, wanalisomea, na wewe unawafuata nyuma umeinamisha kichwa kama mfiwa. Ungesema, 'Hili ni besi.' Maneno matatu! Hata Yustina angeyasema."

"Walinipokonya begani. Wazee wazima. Mimi mtu wa kuja, Mkristo wa milimani, nimkatize mzee wa Lindi katikati ya dua?"

"Ndiyo. Ungemkatiza."

"Ningekuwa sina adabu."

"Na sasa unayo? Mji mzima unasema tumecheza na maiti, halafu wewe unaniambia habari ya adabu."

Bi Kazija, mwenye nyumba, alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Hakujisumbua kujifanya hasikii. Chumba cha wapangaji wake kilikuwa cha fito na udongo, na mlango wake ulikuwa jamvi.

"Mnagombana mpaka uji unaungua," alisema. "Mama Yustina, koroga."

Romana akakoroga. Uji ulikuwa umeshika chini kweli.

Besi lenyewe lilikuwa limesimama pembeni, refu kuliko mtu. Dionis alikuwa fundi wa masanduku ya maiti huko misheni, katika milima ya Umatumbi, kabla hajaja Lindi, na alipotaka kujitengenezea besi alitumia kipimo alichokijua mkono wake. Kwa hiyo lilikuwa jembamba chini, limetanuka kwenye mabega, likarudi kuwa jembamba juu, na kutoka hapo ikachomoza shingo yenye nyuzi nne za utumbo wa mbuzi. Mninga mtupu, ila uso, ambao ulikuwa mvule uliorandwa hadi ukawa mwembamba kama kaki. Kila Jumamosi alasiri yeye na mwenzake Nassibu walilibeba mabegani kutoka nyumbani hadi kwenye ukumbi wa dansi, na kila Jumamosi watoto wa mtaa waliwafuata wakiimba, "Sanduku la maiti linakwenda dansi!"

Romana alichoka na wimbo ule. Ndipo Jumamosi ya jana akatoa shuka lake jipya, la kijani, akalifunika besi lote na kulifunga vizuri kwa kamba. Alitaka kuficha ubaya wake, basi. Hakukumbuka kuwa katika mji ule kitu kirefu kilichofunikwa shuka, kikiwa juu ya mabega ya wanaume wawili, kina jina moja tu.

Watu waliokaa barazani waliinuka. Hivyo ndivyo walivyolelewa. Jeneza halipiti mtu akakaa. Wakaja mbio kupokea, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitaka hatua zake saba za thawabu, na dua ikaanza. Nassibu, aliyekuwa mbele, alidhani ni mzaha wa vijana, mpaka aliposukumwa pembeni. Dionis alipokonywa upande wa nyuma akabaki mikono mitupu. Mzee Pazi, mwenye umri wa miaka sabini na mitatu, alivua viatu akaingiza bega lake. Kwenye kona ya kisima mtu mmoja akajikwaa, besi likagonga ukuta, na uzi mnene ukanguruma ndani ya shuka, *duuum*, juu ya bega la yule mzee.

Waliliachia likaanguka. Dansi halikupigwa siku hiyo.

*

Abdulatifu, kiongozi wa bendi, alifika saa nne pamoja na Nassibu. Walikuwa wamebeba besi jingine, na hilo kila mtu aliyeliona njiani alilisifu. Lilikuwa la Ulaya, rangi ya asali, lina kiuno na mashimo mawili yaliyochongwa kama nyusi. Klabu ya makarani ilikuwa imeliacha wakati ofisi za jimbo zilipohamia Mtwara, na mwenye ukumbi alilichukua.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Huyo bibi harusi mmemtoa wapi?"

Nassibu akacheka. Abdulatifu hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaipangusa ijapokuwa haikuwa na vumbi.

"Dionis, ndugu yangu. Mjomba wangu ni mmoja wa waliobeba. Nimempa salamu asubuhi hakuitikia. Harusi ya Mchinga wamekwisha niletea mtu, wanasema hawaitaki bendi ya wazika magogo. Mwenye ukumbi ananiambia, ama sanduku lile lisionekane tena, ama nitafute pengine."

"Sikukusudia," alisema Dionis.

"Najua hukukusudia. Ungekuwa umekusudia ningekutetea kwa urahisi zaidi, ningesema una wazimu." Akaonyesha besi la Ulaya. "Utapiga hili."

"Umelisikia?"

"Nimeliona."

"Sikukuuliza kama umeliona."

Nassibu naye alikuwa mpiga besi. Alishika zamu Dionis alipoumwa. Alilisimamisha lile la Ulaya katikati ya ua, akalikumbatia, akavuta nyuzi. Sauti ilitoka kavu, fupi, kama mtu anayegonga debe la mafuta ya taa kwa kifundo cha kidole. Akapanda juu, akashuka. Chini kabisa kulikuwa na mtatariko.

"Lina ufa tumboni," alisema. "Mtu amelibandika kwa gundi. Lina kiuno, lakini tumbo halina."

"Litazame lakini," alisema Abdulatifu.

"Nalitazama. Ningelioa."

Kisha akaingia chumbani bila kuombwa, akaliburura besi la Dionis hadi uani, akapiga sauti zile zile. Romana alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alikwisha kuisikia sauti ile mara mia, na bado ilimfanya aache alichokuwa anafanya. Haikuja masikioni. Ilipanda kutoka ardhini, ikaingia kwenye nyayo, ikapita magotini. Kuku waliokuwa chini ya ungo walinyamaza.

"Astaghfirullah," alisema Bi Kazija. "Lile la mzungu linaongea na masikio. Hili linanikamata hapa, chini ya kitovu. Siku ya kwanza nilipolisikia nilidhani nina mimba. Mjane mie!"

"Umesikia, Abdulatifu?" Dionis alisema. Macho yake yalikuwa yamepata uhai kwa mara ya kwanza tangu jana. "Umesikia mwenyewe. Ukilitoa hili, bendi inabaki kupiga kelele hewani, haina miguu."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Abdulatifu alivaa kofia yake. "Watu wanacheza kwa masikio, ndugu yangu, lakini mlangoni wanaingia kwa macho. Hakuna atakayeingia kwenye ukumbi wenye jeneza."

"Nisikilizeni," alisema Nassibu. "Si tulikate mabega? Tunayazungushia huku na huku, tunapaka rangi, linakuwa na sura ya Kikristo."

"Sura ya Kikristo ndiyo hiyo hiyo inayotuponza," Bi Kazija alisema, na Nassibu akacheka tena, peke yake.

Dionis alipitisha kiganja juu ya bega la besi, polepole. "Sauti inakaa hapa. Ukikata hapa umeikata yenyewe. Mimi sijui kwa nini, sikusomea. Nilifanya moja dogo kabla ya hili, la mviringo, likawa bubu. Hili nilipolifunga tu, kabla sijatia nyuzi, niliita jina la mtoto wangu ndani yake likaniitikia."

Abdulatifu akainuka kwenye kigoda.

"Kesho alasiri nataka jibu," alisema Abdulatifu, na sasa alizungumza na Romana, si na Dionis. "Atakayepiga la Ulaya ana kazi. Asipotaka, Nassibu atapiga. Na kuna Mzee Pazi. Mtu lazima aende kwa Mzee Pazi."

Waliondoka, wakaliacha la Ulaya limeegemea ukuta. Dionis hakulitazama.

"Nassibu alipige," alisema. "Sisi tutarudi milimani. Nitatengeneza masanduku. Huko wafu hawalalamikii umbo."

"Na mguu wa mtoto?"

Dionis aligeuka kutazama chumbani. Yustina alikuwa amelala kitandani, mguu wa kushoto umefungwa bendeji kutoka gotini hadi kifundoni. Alikuwa na miaka saba, na kwa ajili ya mguu ule walikuwa Lindi mwaka mzima.

*

Jumatatu asubuhi Romana alimbeba mtoto mgongoni kwenda hospitali. Yustina alikuwa mkubwa mno kubebwa, miguu ikining'inia hadi magotini mwa mama yake, lakini kutembea hakuweza.

Sokoni aliposimama kununua dagaa, muuza dagaa alimpimia bila neno, kisha chenji akaiweka chini, mchangani, mbali na mkono ulionyoshwa.

"Mkono wangu una nini, dada?"

"Sijui. Nyie ndio mnaojua mnachoshika."

Romana aliinama kuokota, mtoto mgongoni, mkono mmoja ukimshika asianguke. Wanawake wawili waliacha kuzungumza wakamtazama mpaka alipomaliza. Senti moja ilijificha kwenye mchanga. Aliitafuta mpaka akaipata. Hakuwa mtu wa kuacha senti kwa sababu ya aibu.

Dresa, mfunga vidonda wa hospitali, alifungua bendeji, akanusa, akasafisha. Yustina aliuma kanga ya mama yake. Donda lile lilikuwa limekula nyama ya muundi wote; wakati walipofika Lindi mara ya kwanza mfupa ulionekana, mweupe kama jino.

"Tazama," dresa alisema, akionyesha kwa koleo. "Pembeni hapa. Nyama nyekundu imeanza kuota. Hii nzuri."

"Bado muda gani?"

"Miezi mitatu, minne. Mara mbili kwa wiki, bila kukosa."

"Na tukirudi kwetu?"

Dresa, ambaye alikuwa ameulizwa swali hilo na akina mama wengi, hakuinua kichwa. "Kwenu dawa yake ni nini?"

"Majani."

"Basi utanirudishia huyu baada ya Ramadhani, na nitampeleka kwa daktari wa kukata. Mguu huu haukupi nafasi ya pili, mama. Umekwisha kukupa moja."

Alifunga bendeji mpya. Romana alimshukuru, akambeba mtoto, akatoka. Njiani Yustina alisinzia, kichwa kikigonga mgongoni kila hatua. Badala ya kukata kona ya nyumbani, Romana aliendelea mbele, mpaka kwenye nyumba ya Mzee Pazi.

*

Mzee alikuwa barazani anashona kofia, mawani yake yamefungwa kwa uzi.

"Hodi. Shikamoo, babu."

"Marahaba. Karibu. Nani wewe?"

"Mimi mke wa Dionis. Mpiga besi."

Sindano ikasimama. Romana hakungoja kukaribishwa kukaa. Alikuwa amejipangia maneno tangu hospitali, akayasema yote kwa mkupuo, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Nimekuja kuomba radhi. Mume wangu alinyamaza kwa woga, si kwa dharau. Lakini shuka lilikuwa langu, babu. Mimi ndiye niliyelifunika. Watoto walikuwa wanatucheka, nikaona haya. Sikufikiri."

Mzee Pazi alimtazama, kisha akamtazama mtoto aliyelala.

"Kaa, mwanangu. Utamwangusha."

Akakaa ukingoni mwa baraza. Mzee alichomeka sindano kwenye kofia, akaiweka magotini.

"Mimi niliuliza, nani huyu tunayemzika? Hakuna aliyenijibu. Nikasema moyoni, ah, ni maiti wa mgeni, asiye na mtu. Leo mimi nitakuwa mtu wake. Nikavua viatu. Nikamwombea maghufira." Aligusa bega lake. "Halafu akanguruma begani kwangu."

Romana aliinamisha macho.

"Watu wanasema nimekasirika. Sikukasirika. Wewe nimekusamehe, na mumeo nimemsamehe, Mungu anajua. Lakini nitakwambia jambo lililonipata leo, maana hawa wa barazani sijawaambia. Leo baada ya alfajiri limepita jeneza hapa. La kweli. Mtoto wa mhunzi, homa. Na mimi nikabaki nimekaa."

Mzee aliigeuza kofia magotini. 

"Nikalitazama kwanza. Nikatafuta nyuzi. Nikajiambia, ngoja, Pazi, usije ukachekwa tena. Nilipoona baba yake analia ndipo nikainuka, nao walikuwa wamekwisha kupita. Tangu nimebaleghe sijaacha jeneza linipite. Hata mwaka wa ndui. Leo limenipita la mtoto mchanga, kwa sababu nilikuwa nachungulia."

"Babu..."

"Na si mimi peke yangu. Niliwaona wenzangu pale ng'ambo. Wote walikuwa wanachungulia."

Mbuzi alipita barabarani, akasimama, akaendelea.  Romana alikuwa amekuja akiwa na jibu kwa hasira, na jibu kwa matusi. Kwa hili hakuwa nalo.

"Unataka nifanye nini?" aliuliza mwishoni.

"Mimi siwezi kumwamuru mtu juu ya mali yake. Nimekwambia kilichonipata, basi." Alichukua sindano yake tena, akaitafuta njia ya uzi, akaikosa. "Wanasema lina sauti nzuri."

Angeweza kusema hapana. Lingekuwa jambo rahisi, na la heshima.

"Nzuri sana, babu," alisema Romana. "Sijasikia kama hiyo."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichoweza kununua.

*

Alipofika nyumbani alimkuta Dionis ameshafunga mizigo. Randa, patasi na nyundo vilikuwa kwenye gunia. Msumeno umechomoza juu. Besi alikuwa amelizungushia magunia ya katani mpaka shingoni, alilaze kwenye lori.

"Lori la Kilwa linaondoka kesho," alisema. "Nimezungumza na turuboi, msaidizi wa dereva. Sanduku litakaa juu, na nyie mtakaa mbele."

Romana alimlaza mtoto, akamfunika. Kisha alitoka, akapita mbele ya mumewe, akaenda kwenye besi akaanza kufungua magunia.

"Unafanya nini?"

"Dresa amesema nyama imeanza kuota. Miezi mitatu, minne. Akikosa, atakatwa."

"Tutatafuta mganga huko..."

"Hakuna mganga huko, Baba Yustina. Kuna majani." Gunia la mwisho likaanguka. "Na nimetoka kwa Mzee Pazi."

Akamwambia. Alimwambia kama alivyoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Mtoto wa mhunzi, baba anayelia, wazee wanaochungulia. Dionis alisikiliza amesimama. Alikuwa amezika watu wengi kwa mikono yake kuliko yeyote mtaani pale, na alijua mtu aliyefiwa huwa anahesabu nani ameinuka.

"Basi ndiyo maana nasema tuondoke nalo," alisema kwa sauti ndogo. "Halitaonekana tena."

"Sisi hatuondoki. Alasiri utamwambia Abdulatifu utapiga lile la Ulaya."

"Basi nilipeleke mimi..."

"Upeleke wapi? Kila njia ina baraza. Kilwa wako watu kama hawa, Mchinga wako, Kilangala wako. Utalibeba mpaka wapi ambako watu hawafi?"

 Bi Kazija alikuwa ametoka jikoni, mikono ina unga, akasimama.

Romana alitaka kumwambia mumewe alipige mara moja tu, ile sauti ya chini. Hakumwambia. Alijua akiisikia, mkono wake mwenyewe hautafanya kazi. Alichomoa msumeno kwenye gunia, akalilaza besi juu ya kinu na kigoda, akaweka meno ya msumeno pale penye bega la kushoto, akavuta.

Msumeno uliruka. Akauweka tena, akakandamiza, ukaingia kwa pembe na kunasa. Nyuzi zililia zote nne pamoja, kelele mbaya isiyo na jina. Akang'oa, akarudia. Uso wa mvule ukatoa mlio wa kupasuka, na mstari mweupe ukakimbia kutoka pale alipokata hadi katikati.

"Acha," alisema Dionis.

Hakuacha.

"Acha, Romana! Unakata vibaya. Unapasua ubao."

"Kama nakata vibaya, njoo ukate vizuri."

Alisimama akimtazama, jasho limemtoka juu ya mdomo. Romana alikuwa ameshika msumeno kwa mikono miwili kama mtwangio. Bi Kazija alinong'ona kitu, pengine dua, pengine si dua.

Dionis akaja. Hakumpokonya, alinyoosha mkono, akangoja mpaka akapewa. Kwanza alikaa chini kando ya shingo, akalegeza nyuzi, moja moja, kuanzia ile nyembamba, maana mbao haikatwi ikiwa imevutwa. Ile nene aliishika kati ya vidole viwili mpaka ikanyamaza. Akazikunja zote nne, akampa mkewe, naye akazitia kwenye pindo la kanga.

Kisha akaondoka, akatafuta kipande cha mkaa na ubao wa kupimia, akarudi. Akachora mstari upande huu wa ufa, akafumba jicho moja, akautazama, akaufuta kwa kidole na kuuchora upya.

"Shika huko," alisema. "Lisitikisike."

Romana akapiga magoti, akalikumbatia besi upande wa chini, shavu lake juu ya mninga. Dionis akaweka msumeno kwenye mstari, akakata, taratibu na kwa kunyoosha, kama alivyokuwa akikata masanduku yote aliyowahi kutengeneza.